Kompyuta Ikifa Leo, Utabaki na Nini?

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, simama kidogo ujiulize swali moja. Kompyuta yako, au simu yako, ikikataa kuwaka kesho asubuhi, utakuwa umepoteza nini? Hatuulizi bei ya chombo chenyewe. Chombo hununuliwa tena. Twauliza juu ya yale yaliyomo ndani yake.

Tumtazame mtu mmoja. Hatumtaji jina, kwa kuwa wako wengi kama yeye. Yeye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu thelathini. Zamani aliandika hesabu katika daftari kubwa. Kisha wanachama wakachanga fedha, wakanunua kompyuta ya mezani, naye akajifunza kuingiza hesabu zote humo. Watu walifurahi, maana kila mmoja aliweza kuona akiba yake na deni lake mara moja. Lile daftari likawekwa juu ya kabati, panya wakalila.

Miaka minne ikapita. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi kompyuta ilipowashwa ilitoa mlio mdogo, tak, tak, tak, kisha kimya. Fundi akasema diski imekufa. Siku ya mkutano ikafika. Nani amelipa? Nani anadaiwa? Kila mtu alikumbuka alichoweka, lakini walikuwa wachache waliokumbuka walichokopa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu huyu alikuwa na daftari, tena zuri. Kosa lake ni kwamba alikuwa nalo moja tu.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kuzungumza nawe leo. Kitu kilicho mahali pamoja tu ndani ya kompyuta, hesabu kuwa umekwisha kukipoteza, ila siku yake haijafika.

DISKI NI NINI, NA KWA NINI HUFA

Watu wengi hudhani kitu kikiisha kuingia katika kompyuta kimehifadhiwa milele, kama jina lililochongwa juu ya jiwe. Sivyo. Kompyuta huandika juu ya vitu vinavyochakaa.

Diski ya kwanza ya kuuzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wa chombo kizima ulikuwa kama tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza hiyo yote.

Diski za siku hizi huingia mkononi, lakini nyingi bado zina sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa kila dakika. Juu ya sahani hupita kichwa kidogo cha kusomea. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ukiiangusha diski ikiwa inazunguka, kichwa huweza kugusa sahani na kuikwaruza, na yale yaliyoandikwa hapo yamekwisha. Ule mlio wa tak, tak ni kichwa kinachotafuta njia yake na hakiioni.

Flashi, kadi za simu na diski za kompyuta mpya hazina kitu kinachozunguka. Hizo hutunza maandishi kwa chembe ndogo mno za umeme zilizofungiwa ndani, kama maji katika mtungi. Lakini mtungi huvuja. Flashi ikilala kabatini miaka mingi bila kuchomekwa, yaweza kusahau. Tena kila kijumba chake kina idadi ya mara kinazoweza kuandikwa, na zikiisha kimekwisha. Kwa hiyo flashi ni kikapu cha kuchukulia mizigo njiani. Usiifanye ghala.

Wazee walituambia akiba haiozi. Akiba ya kompyuta, ndugu yangu, huoza.

MAADUI WATANO

Haifai kujilinda bila kumjua adui. Hawa hapa.

1. Uchakavu. Huyu tumekwisha kumtaja. Huja polepole, lakini haachi mtu.

2. Umeme. Kukatika na kurudi kwa nguvu huua diski na kuharibu mafaili yaliyokuwa yakiandikwa wakati ule. Mwenye kompyuta ya mezani na anunue, akiweza, kile kisanduku chenye betri ambacho mafundi hukiita UPS. Hakitakupa umeme wa kutwa nzima. Kitakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Asiyeweza kununua na achomoe waya ukutani radi inapopiga, na umeme ukikatika asubiri utulie kabla ya kuwasha tena.

3. Mwizi, moto na maji. Hawa hawachagui. Mwizi akichukua mkoba, huchukua kompyuta pamoja na diski ya akiba uliyoiweka katika mfuko wa pembeni wa mkoba uo huo. Paa likivuja, hulowesha vyote vilivyo chini yake.

4. Mkono wako mwenyewe. Kufuta kitu kwa bahati mbaya, au kuandika faili jipya juu ya la zamani.

5. Virusi, hasa vile vinavyofunga mafaili na kudai fedha.

Juu ya hawa wawili wa mwisho tutasema zaidi, maana watu huwadharau.

MKONO ULIOFUTA SINEMA NZIMA

Mwaka 1998 huko Marekani, mafundi wa kampuni ya Pixar walikuwa wakitengeneza sinema ya katuni iitwayo Toy Story 2. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Siku moja mtu mmoja aliandika amri ya kufuta mahali pasipofaa. Wenzake waliokuwa wakitazama mafaili ya Woody, yule mwanasesere mwenye kofia, waliona vitu vinatoweka mbele ya macho yao: kwanza kofia, kisha viatu, kisha Woody mwenyewe. Wakapiga simu haraka mashine izimwe. Ilipowashwa tena, karibu sehemu tisa katika kumi za sinema zilikuwa zimekwisha kutoweka.

Wakasema, si kitu, tunazo nakala za akiba. Wakazifungua. Kumbe nakala zile zilikuwa mbovu kwa muda wa wiki kadhaa, wala hakuna aliyejua.

Ndipo mama mmoja, Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa sinema hiyo, akakumbuka jambo. Alikuwa amejifungua mtoto siku zilizopita, na ili apate kufanya kazi nyumbani alikuwa na kompyuta yenye nakala ya sinema. Wakaenda nyumbani kwake, wakaizungushia mablanketi, wakaifunga katika kiti cha nyuma cha gari kama mtoto mchanga, wakarudi kazini mwendo wa pole. Nakala ile ilikuwa nzima. Baadaye hadithi ya sinema ilibadilishwa sana, lakini kazi haikuanza upya katika giza, nayo ikaonyeshwa kwa watu mwezi wa Novemba mwaka 1999.

Angalia, msomaji. Kampuni tajiri, yenye mafundi hodari, iliokolewa na nakala iliyokuwa katika nyumba nyingine. Nakala hiyo haikuwekwa hata kwa ajili ya akiba. Wewe usingojee bahati kama hiyo.

VIRUSI VINAVYODAI FEDHA

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kwa siku moja, kikaingia katika kompyuta za nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili kwa kufuli la hesabu, kisha kikaandika juu ya kioo: lipa dola 300, ama hutayaona tena. Huko Uingereza hospitali zilipatwa vibaya. Miadi ya wagonjwa maelfu ikavunjwa, na magari ya wagonjwa mengine yakaelekezwa kwingine. Kilipunguzwa nguvu na kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, ambaye aligundua jina la anwani fulani ya intaneti ndani ya kirusi, akaiandikisha, kikaacha kuenea.

Lililo la kusikitisha ni hili: ufa ambao kirusi kilipitia ulikuwa umekwisha kuzibwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tarehe 14 Machi mwaka ule ule, karibu miezi miwili kabla. Waliopatwa ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimepokea marekebisho hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kompyuta au simu yako ikikuambia kuna marekebisho, usiseme kesho kila siku.

Lakini yako mafunzo mawili hapa. La pili ni kwamba diski ya akiba iliyochomekwa katika kompyuta wakati virusi vinaingia hufungwa pamoja nayo. Kwa hiyo ukiisha kunakili, chomoa. Diski ya akiba isilale imechomekwa.

SHERIA YA TATU, MBILI, MOJA

Sasa tufike kwenye dawa. Mafundi wanayo kanuni rahisi, ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza sana. Ishike kwa vidole vyako.

Tatu: kila kitu chenye thamani kiwe na nakala tatu, pamoja na ile unayoitumia kila siku.

Mbili: nakala hizo ziwe katika vyombo vya namna mbili, ili kasoro ya kimoja isiwaue wote.

Moja: nakala moja iwe mbali, katika nyumba nyingine au mji mwingine.

Labda utasema, hayo ni mambo ya matajiri. La hasha. Turudi kwa katibu wetu. Hesabu za watu thelathini kwa miaka minne, zikiandikwa katika jedwali, kwa kawaida huwa ndogo kuliko picha moja ya harusi. Angeweza kuzituma kila wiki kwa barua pepe yake mwenyewe kwa bando dogo kabisa. Hiyo ingekuwa nakala ya mbali. Angenunua diski ya nje, ikakaa kwa mweka hazina wala si ofisini. Hiyo ni ya pili. Tena mwisho wa kila mwezi angechapa ukurasa mmoja wa hesabu, mwenyekiti akatia sahihi. Karatasi nayo ni nakala, haihitaji umeme, wala virusi havijui kusoma.

Kwa picha za jamaa na sauti za wazee wetu ni vivyo hivyo, ila hizo ni nzito zaidi. Usijaribu kutunza zote sawasawa. Katika picha mia za sikukuu, kumi ndizo utakazozitafuta miaka ishirini ijayo. Chagua hizo, uzitunze kwa njia tatu. Ikiwa simu yako ina sauti ya bibi yako akisimulia habari za ukoo, hiyo usingoje hata jioni. Itoe simuni leo, uitume kwa ndugu zako wawili walio katika miji mingine, uwaambie waihifadhi. Simu hudondoka majini kwa muda wa kufumba macho, na bibi hawezi kurekodiwa tena.

Mambo madogo ya kukumbuka unaponakili:

Andika tarehe katika jina la faili, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mathalani hesabu-2025-03-31. Kwa njia hiyo mafaili hujipanga yenyewe kwa taratibu ya siku. Jina kama hesabu-mpya-ya-mwisho-kabisa halimsaidii mtu.

Usichomoe flashi au diski kabla ya kuiambia kompyuta kuwa unaitoa. Mara nyingi kioo husema kazi imekwisha, kumbe bado inaandika.

Ukiona faili kubwa, kama video ya arusi, linakataa kuingia katika flashi yenye nafasi tele, huenda flashi hiyo imeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika gigabaiti 4. Toa kwanza vyote vilivyomo, kisha iandae upya kwa mtindo wa exFAT.

Kama wakaa pwani au kando ya ziwa, unyevu ni adui. Tunza diski ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vidogo vyenye punje vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vipya. Kazi yake ni kunywa unyevu.

KIOO SI NAKALA

Wengine hujivuna kwamba simu yao hupeleka picha zote mtandaoni yenyewe. Ni vema, lakini elewa inafanyaje kazi. Huduma nyingi za namna hii ni kama kioo. Ukicheka, kioo kinacheka. Ukijikata uso, kioo nacho kinaonyesha jeraha. Ukifuta picha simuni, yaweza kufutwa huko pia. Ukiandika upuuzi juu ya hesabu zako, upuuzi huo hupelekwa huko kwa uaminifu mkubwa.

Huduma nyingine hutunza vilivyofutwa kwa siku kadhaa, kisha huvitupa. Soma masharti ya huduma yako ujue ni siku ngapi. Na pamoja na kioo hicho, kuwe na nakala moja isiyobadilika hata ukikosea.

NAKALA AMBAYO HAIJAFUNGULIWA

Sasa sikiliza habari nyingine, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kampuni ya GitLab kazi yake ni kutunza programu za watu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wao mmoja aliyekuwa amechoka alitaka kusafisha kompyuta moja iliyokwama. Kwa bahati mbaya amri aliipa kompyuta nyingine, ile yenye mali halisi ya wateja. Baada ya sekunde moja au mbili akagundua kosa, akasimamisha. Kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4 na nusu.

Walikuwa na njia tano za kutunza akiba. Wakazipitia moja moja, wala hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Mojawapo ilitakiwa kupeleka nakala mbali kila siku. Walipofungua ghala hilo wakalikuta tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na ghala la data, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikataliwa njiani hata zisiwafikie.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yule yule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio tu. Hata hivyo kazi ya saa sita ilipotea moja kwa moja, ikagusa kiasi cha miradi 5,000. Tuwasifu kwa jambo moja: hawakuficha. Walieleza kosa lao waziwazi mbele ya watu wote, ili wengine wajifunze.

Basi nasi tujifunze. Nakala ambayo hujapata kuifungua ni tumaini tu. Mara moja kila miezi mitatu, chukua diski yako ya akiba uipeleke kwenye kompyuta nyingine. Fungua picha moja ya zamani. Fungua hesabu, utazame kama tarakimu zipo. Sikiliza ile sauti ya bibi hadi mwisho. Ni kazi ya robo saa.

UKIISHA KUFUTA, FANYA HIVI

Tuseme umechelewa, na kitu kimekwisha kufutwa. Usikate tamaa upesi, lakini usiguse kitu.

Kwanza tazama katika pipa la taka la kompyuta. Wengi hukuta walichokililia kimo humo.

Kama hakimo, elewa namna kompyuta inavyofuta. Ifikirie kama masjala ya serikali. Ukimwambia karani afute jalada, yeye hachukui jalada na kulichoma. Hufuta tu jina lake katika kitabu cha orodha, na kuandika kwamba nafasi ile rafuni ni tupu. Jalada lenyewe bado limekaa pale pale, mpaka siku karani atakapopata jalada jipya na kuliweka mahali pale. Hapo ndipo la zamani linapokwisha kweli.

Kwa hiyo, kitu kikifutwa katika kadi ya kamera au flashi, itoe mara moja. Usipige picha nyingine. Usinakili kitu kingine humo. Kila unachoandika chaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta. Kisha tumia programu ya kuokoa, kama vile PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, nayo hutolewa bure. Hiyo haijali kitabu cha orodha. Hupita rafuni moja moja ikitafuta kitu chenye sura ya picha au barua. Vitu ilivyookoa vihifadhiwe katika diski nyingine, kamwe si katika ile ile.

Lakini uwe mkweli wa nafsi yako. Diski mpya zisizozunguka, zile za ndani ya kompyuta mpakato za siku hizi, mara nyingi husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe baada ya muda mfupi. Huko kuokoa huwa shida sana. Na diski inayotoa mlio wa tak, tak usijaribu programu juu yake hata kidogo. Izime. Kila dakika inapozunguka inajikwaruza zaidi. Hiyo ni ya fundi mwenye vyombo maalumu, na gharama yake si ndogo.

Jambo jingine kwa wale wanaopeleka flashi kuchapa katika maduka ya kuchapa. Wakati mwingine hurudi nayo na kukuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Usiifute flashi. Hicho ni kirusi cha kawaida. Mara nyingi hakikuharibu vitu vyako, kimevificha tu. Safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi. Kisha katika Windows fungua dirisha la kuandikia amri, uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Mafolda yako yatajitokeza tena.

KWA WAPENDA UFUNDI

Wako wasomaji, hasa vijana, ambao hawaridhiki mpaka wamefungua kitu na kuona kilichomo. Kwao tunayo kazi ya kufurahisha ya Jumamosi.

Tafuta kompyuta ya zamani iliyotupwa pembeni. Ziko nyingi sasa, kwa sababu Microsoft ilikoma kuipa Windows 10 marekebisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizokuwa nayo hazikubaliwi na Windows 11. Mashine hiyo haifai tena kwa mambo ya benki ikiwa na Windows ya zamani, lakini ukiiwekea Linux, ambayo ni ya bure, itaweza kuwa ghala la nyumba nzima. Tia diski moja kubwa ndani yake, iwekwe mahali pa hewa.

Kisha jifunze programu iitwayo rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia waliitoa mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba hainakili yote kila mara. Hulinganisha, ikapeleka tu yaliyobadilika. Amri yake fupi ni kama hii: rsync -av Picha/ /media/nakala/Picha/. Kabla ya kuifanya kweli, ongeza herufi n, yaani -avn, nayo itakuonyesha itakachofanya bila kufanya. Na mpaka utakapoizoea sana, usiongeze neno --delete, kwa maana hapo unaigeuza kuwa kile kioo tulichokisema.

Mwisho jifunze kuchukua alama ya kidole ya faili. Ndiyo, faili nalo lina alama ya kidole. Katika Linux andika sha256sum na jina la faili. Katika Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Nukta moja tu ikibadilika katika picha, mstari wote hubadilika. Andika alama hizo katika daftari. Mwakani ukizichukua tena zikawa zile zile, wajua kwamba picha yako haijaoza hata kidogo.

SIRI NA UFUNGUO

Nakala tatu ni milango mitatu, na mwizi anahitaji mmoja tu. Hesabu za kikundi zina majina ya watu, namba zao za simu na madeni yao. Si mali yako peke yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa hiyo diski ya nje ifungwe kwa neno la siri, nayo barua pepe iwe na uthibitisho wa pili katika simu.

Lakini ufunguo uliopotea ni sawa na diski iliyokufa. Andika neno la siri katika karatasi, ulitie ndani ya bahasha, ulifunge, na mtu mmoja unayemwamini ajue bahasha ilipo, mkeo, mumeo au mweka hazina. Kuna jamaa ambao baba alifariki, na picha zote za watoto zikabaki ndani ya simu isiyofunguka.

MASHAIRI YA MUYAKA

Labda utadhani mashauri haya ni ya ugenini na ya kisasa. Sivyo. Muyaka bin Haji, mtunzi mashuhuri wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi hizo zikafika London zikatunzwa. Mwaka 1940 yakachapwa kuwa kitabu huko Johannesburg, kwa kazi ya William Hichens. Mombasa, London, Johannesburg. Waliomsikia Muyaka kwa masikio yao wamekufa wote, lakini sisi twamsoma. Ni kwa sababu mtu mmoja hakuridhika na nakala iliyokuwa mahali pamoja.

Na yule katibu wetu je? Kikundi chake hakikufa, lakini kilijeruhiwa. Wale waliokuwa wakilipa kwa simu walifungua simu zao, na jumbe za malipo zikashuhudia kila shilingi. Bila wao kujua, nakala ya pili ilikuwa mifukoni mwao. Waliolipa taslimu hawakuwa na ushahidi. Mabishano yakawa makali, na wanachama watatu wakatoka kwa uchungu, wakiamini wamedhulumiwa. Huenda walidhulumiwa kweli. Hakuna awezaye kujua tena.

Basi, msomaji mpendwa, usikunje gazeti hili na kusema nitafanya. Tarehe 31 Machi watu wengi duniani huiadhimisha kuwa siku ya kutunza nakala, lakini wewe usiingojee. Leo jioni fanya mambo matatu. Chagua kitu kimoja usichotaka kukipoteza. Kinakili mahali pawili, pamoja pawe mbali na nyumba yako. Kisha kifungue huko uone kama kipo.

Ukikikuta, lala usingizi.